Mwaka Nilipokuwa Eimu

Mwezi uliopita tulimzika Bondia huko Kathiani, na hasira niliyotoka nayo pale bado haijanitoka.

Ungeuona ule mkutano, rafiki yangu, ungedhani anazikwa waziri. Mahema meupe, viti vya plastiki vilivyofungwa riboni, spika ndefu kunishinda, na gari zima la kuleta chakula. Mwenye duka wa kijiji chetu, ambaye siku hizi ni mzee wa tumbo na fimbo ya heshima, alipewa maikrofoni na hakuirudisha upesi. Alisema marehemu alikuwa shujaa wetu, mtu aliyelifikisha jina la kijiji mpaka nje ya nchi, na kwamba vijana wangemwiga yeye tusingekuwa na shida hii ya pombe. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, sahani mapajani. Walikuwa wamepika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotolewa ganda, pamoja na mbaazi, na kwa kijiko cha kwanza nikajua ni ya mashine. Nikakirudisha kijiko sahanini.

Kisha akaja kukaa kando yangu mtu niliyesoma naye, baba wa watoto sasa, akaniambia huku akicheka, "Wewe, unakumbuka vile tulikuwa tunakuchapa kwa ile drama? Enyewe tulikuwa na raha." Nilitabasamu, kwa sababu tulikuwa msibani na watu wanatazama. Lakini nakumbuka, tena vizuri kumshinda, na kwa kuwa yeye sikumjibu, wacha nikusimulie wewe.

Nilizaliwa na uvimbe upande wa kushoto wa uso. Ulianzia kwenye nyusi, ukalifunika jicho nusu, ukashuka mpaka pembe ya mdomo, na rangi yake ilikuwa ya zambarau. Kadiri nilivyokua nao ulikua. Muuguzi wa zahanati alimweleza nyanya kwamba ndani yake ni mishipa ya damu tu, kwamba hauambukizi wala si laana, ila pasigongwe kabisa, maana damu ikianzia pale itakuwa kazi kuizuia. Nyanya akarudi na kuwaeleza majirani kwamba hauambukizi wala si laana. Walimsikiliza kwa adabu, na siku iliyofuata wakaendelea kuwavuta watoto wao upande wa pili wa njia.

Nililelewa na nyanya kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi za nyumba Nairobi. Nyanya alinipenda, hilo silikatai. Aliniwekea ukoko wa sufuria, alinisuka nywele zikashuka upande wa kushoto, alinisimulia hadithi jioni huku vidole vyake vikisuka kyondo, kikapu chetu cha mkonge, bila yeye kukitazama. Lakini kanisani tulikaa sikuzote kwenye ukuta wa kushoto, mimi ndani yeye nje, ili upande wangu ule uutazame ukuta. Na wageni wakija alinituma kuni, hata kama kuni zilikuwa zimejaa jikoni. Mtoto huelewa mapema mno mambo ya namna hiyo.

Shuleni waliniita Eimu. Kama hukulelewa Ukambani, Eimu ni lile zimwi la hadithi zetu, jitu linalojificha msituni na kumeza wasichana waliokwenda kutafuta kuni, na ng'ombe, na wakati mwingine kijiji kizima. Nilikuwa mrefu kuliko wavulana wa darasa langu, na hilo liliwasaidia. Walinifuata njiani wakiimba wimbo wa Eimu anavyowaita wasichana, wakinirushia magunzi ya mahindi, na nikigeuka walikimbia wakipiga mayowe ya furaha. Watu wazima waliokuwa wakipalilia kandokando ya njia waliinua vichwa, wakaona ni watoto wanacheza, wakainama tena.

Ng'ambo ya korongo letu kulikuwa na kichekesho kingine cha kijiji, mwanamume mmoja aliyeitwa Bondia. Alikuwa amepigana ngumi Nairobi na hata ng'ambo, kabla sijazaliwa. Alirudi kwa mama yake na mkoba mmoja, pua iliyolala upande, na vidole visivyokunjika sawasawa. Mke hakuwa naye. Mama yake alipofariki alibaki peke yake katika ile nyumba ya matofali, na ndipo alipofanya jambo ambalo lilikuwa likizungumzwa kwenye kila kisima. Alichukua mchi wa marehemu akaanza kutwanga muthokoi.

Kwetu mwanamume hatwangi. Atalima mtaro, atachimba kisima kwenye mchanga wa mto, atachunga, atajenga, lakini akionekana na mchi mkononi basi watu watauliza kama amerogwa. Tena muthokoi si kazi ya kubahatisha. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatiwa kinuni, yakatwangwa mpaka ganda litoke na punje ibaki nzima. Ukipiga kwa hasira unapata vunjavunja la kuku. Ukipiga kwa uvivu ganda linabaki na wageni wanatafuna mpaka taya ziume. Bondia alitwanga bila kuvunja hata punje, na wanawake waliomcheka kisimani ndio hao hao waliompelekea mahindi mabega yalipowauma. Kwa kila debe walimwachia kibaba. Hicho kibaba ndicho kilichokuwa chakula chake, kwa sababu shamba lilikuwa limeliwa na korongo likabaki kipande cha mkonge.

Bega la nyanya lilipoanza kumsumbua, akanitwika beseni la mahindi na kunituma huko. Watoto walinifuata kama kawaida. Nilipofika langoni gunzi moja likanipiga shingoni, beseni likayumba na mahindi yakamwagika. Bondia alikuwa amekaa juu ya jiwe, mchi katikati ya magoti. Hakuwafukuza watoto. Aliwatazama tu mpaka wakaondoka wenyewe, kisha akanigeukia mimi.

"Unafunga macho," akasema.

Nilikuwa nikiokota mahindi.

"Wakirusha wewe unafunga macho. Sasa utajua aje inatoka wapi? Ukifunga macho, hiyo ya pili umewapea bure."

Nikamwambia wananirushia kwa sababu mimi ni Eimu. Alinitazama uso wote, kulia na kushoto, bila haraka na bila kugeuza macho, na naapa hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunitazama hivyo isipokuwa muuguzi.

"Eimu mimi niliambiwa na mama yangu ako na mkia," akasema. "Wewe uko na mkia?"

"Sina."

"Basi okota mahindi ya susu wako twende kazi."

Susu ndiye nyanya kwa Kikamba. Mimi nikaanza kumwita yeye Umau, yaani babu, tukiwa wawili. Mbele za watu alikuwa Bondia kama kwa kila mtu.

Jumamosi zikawa zangu. Nilimaliza kuchota maji na kufagia uwanja mapema, nikavuka korongo na kumkuta amekwisha kunyunyizia mahindi. Mama yake alikuwa ameacha michi miwili, naye akanipa ule mwepesi. Kama hujawahi kutwanga na mwenzako kwenye kinu kimoja sijui nikueleze vipi. Mchi wako ukishuka wake umepanda, na hamhesabu, na hamtazamani, mnasikiliza tu. Ukichelewa kidogo mnagongana na mikono inakufa ganzi. Wiki za kwanza nilimgonga mara nyingi, naye alisema tu, "Tena." Halafu siku moja tukaingiana, na ule mlio ukavuka korongo mpaka kwetu, mzito wake na mwembamba wangu, na makapi yakapanda puani na harufu yake ya mahindi yaliyoloa, na kuku wakaja kusimama wakingojea. Tulipomaliza alitoa viazi vitamu kwenye majivu, tukala na parachichi na chumvi. Sikuwa nimewahi kukaa na mtu mchana kutwa bila kufikiria uso wangu.

Nilimwomba anifundishe kupiga. Bila shaka ungemwomba hata wewe. Alikataa kila mara, na siku moja akanieleza habari yake, huku mchi ukiendelea.

"Mwanzo nilikuwa nashinda. Halafu huu mkono ukavunjika, ukaungwa vibaya. Basi wakaanza kuniita kama kuna kijana wanataka kupandisha. Kijana kama huyo anahitaji mtu wa kupiga, mtu ako na jina kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Hakuna mtu aliniambia anguka. Lakini sisi wote tulijua."

"Ulikuwa unaumia?"

"Ukijua kupigwa, huumii sana. Watu wanafikiria kazi ya ngumi ni kupiga." Akasita, mchi juu. "Kupiga hata mtoto anaweza."

Mwaka uliofuata, muhula wa kwanza, ulikuja msimu wa tamasha la maigizo. Shule yetu haikuwahi kufika popote, lakini tulikuwa tumeletewa mwalimu mpya, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, msafi, mcheshi, asiyeshika kiboko. Tulimpenda sote. Alisema amechoka na michezo ya kukataza watoto dawa za kulevya, anataka hadithi ya kwetu, hadithi ya Eimu. Akauliza nani ataigiza Eimu, na darasa zima likageuka kunitazama. Mwalimu naye akanitazama, akatabasamu, tena kwa upole.

"Wewe utatusaidia sana," akasema. "Hata hatutahitaji kukupaka rangi."

Nitakuambia ukweli. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikirukaruka. Fikiria mtoto ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kufuta ubao, halafu anaambiwa shule haiwezi kwenda bila yeye. Mwenye duka akatoa magunia na ngozi ya mbuzi ya kunivika, na mwanawe, kijana aliyekuwa na shabaha kuliko wote wa kurusha magunzi, akapewa kuigiza kaka shujaa. Saa ya chakula watoto wakaanza kukaa nami. Waliendelea kuniita Eimu, lakini sasa nilisikia kama wananiita rafiki. Na Jumapili moja nyanya akanishika mkono, akaupita ukuta wetu wa kushoto, akanikalisha katikati ya kanisa, maana sasa alikuwa nyanya wa yule msichana wa drama. Ningefanya lolote ili nisirudi kwenye ule ukuta.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wasichana wanakwenda kuni, Eimu anatokea na kuwameza mmoja mmoja, yaani wanaingia chini ya magunia yangu na kuchutama humo. Kisha kaka zao wanakuja na fimbo, wanampiga Eimu mpaka anaanguka na kufa, wanamkata kidole kidogo, maana hadithi husema waliomezwa hutokea hapo, na wasichana wanatoka wakiimba. Watazamaji walipenda hasa pale pa kupigwa. Mwanzo walitumia mabua ya mahindi, ambayo huvunjika bila kuumiza. Baadaye mwalimu akasema sauti haifiki nyuma ya ukumbi, wachukue fimbo, ila wapige gunia wasipige mtu. Nani aliona gunia? Katika mazoezi hayo hayo mwana wa mwenye duka akanipiga usoni, pale pale, na damu ikatoka ikakataa kusimama.

Walipakandamiza kwa sweta ya mtu. Mwalimu aligeuka rangi kwa hofu. Damu ilipokoma akaninunulia soda na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba nikimwambia nyanya, wazazi watasema nitolewe kwenye kikundi, na yeye hataki nitolewe. Mimi pia sikutaka. Nikamwambia nyanya nimeanguka.

Bondia hakudanganyika. Jumamosi alinitazama kidonda kile, akauliza ilikuwa fimbo ya aina gani na ilitoka upande gani. Jumatatu akaja shuleni. Alikuwa amevaa koti lake la pekee, kofia mkononi, na watoto wakamzunguka wakimuuliza kama amekuja kuchukua mahindi ya kutwanga. Mimi nilikuwa dirishani mwa darasa na niliyasikia yote.

"Mzee, haya ni maigizo tu," mwalimu alisema.

"Najua, mwalimu. Hata mimi niliigiza miaka mingi. Naomba tu hapo kwa uso asiguswe. Ama uweke mwisho ingine."

"Lakini mwisho ndio watu wanapenda, mzee."

Bondia akaivaa kofia, akaenda zake. Jioni alinitaka niache ule mchezo. Nikalia, nikamwambia hawezi kuelewa, watu wananipigia makofi. "Hata mimi walinipigia," akasema. Lakini aliona nimekwisha kuamua, naye hakuwa mtu wa kumkataza mtu, kwa hiyo aliulaza mchi chini. "Basi kuja hapa."

Akanifundisha kuanguka. Kidevu chini. Mkono wa kushoto juu, kiganja nyuma ya sikio, kiwiko mbele ya uso. Toa pumzi fimbo inapofika, usiizuie ndani. Macho wazi mpaka mwisho. Halafu shuka na bega la kushoto, uso ndani ya mkono, ili hata wakiendelea kupiga, pale pawe pamelala salama chini yako. Alinipiga na bua, polepole kisha upesi, juu na chini, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi mkono wangu ukawa unainuka wenyewe. Mpaka leo nikilifikiria hilo natamani kuvunja kitu. Mtu aliyejua kila ngumi ya dunia hii aliletewa mtoto anayeonewa, na alichoweza kumpa ni ufundi wa kuonewa, kwa kuwa alijua hakuna mtu mzima katika kijiji kile ambaye angezishika zile fimbo na kuziweka chini.

Tulishinda kata. Tulishinda wilaya. Niliangushwa na kuuawa mbele ya watu wengi na sikutoka damu tena, na kadiri nilivyoanguka vizuri ndivyo walivyozidi kupiga, maana sasa ilionekana siumii. Mwalimu alisema nina kipaji. Ndipo tukafika mashindano ya Machakos mjini.

Ukumbi ulikuwa umejaa shule za kila upande, sare za kila rangi, harufu ya nta ya sakafu na ya mandazi yaliyofungwa magazetini. Nyanya alikuja na kitambaa chake cha kanisani. Alikaa mbele, karibu na mke wa mwenye duka, watu ambao kabla ya hapo walisalimiana tu kwa mbali. Bondia alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani.

Nilimeza wasichana wangu, ukumbi ukacheka na kuogopa panapotakiwa. Kisha kaka wakaingia. Mwana wa mwenye duka alikuwa na fimbo nisiyoijua, nene, mbichi, hata maganda haikutolewa. Alitaka waamuzi waone. Kabla hajanifikia mtoto mmoja kati ya watazamaji akapaza sauti, "Ua Eimu!" Wengine wakaichukua, na mara ukumbi wote ukawa unapiga makofi kwa pamoja, ua, ua, ua. Nikamtafuta nyanya kwa macho. Nyanya alikuwa akipiga makofi pamoja nao, akitabasamu, uso umejaa fahari, kwa mdundo ule ule.

Sikuanguka.

Fimbo ilikuja juu, mkono wangu ukainuka na kuipokea. Ikaja ya upande, kiwiko kikaipokea. Wakaja wote watatu, nikarudi hatua, nikageuka, nikainama, na fimbo zao zikawa zinagongana zenyewe. Sikumpiga mtu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Nilikataa tu kufa. Chini ya magunia wasichana walikuwa wamechutama wakingojea kifo changu ili watoke waimbe, wakilazimika kusogea nami kila niliposogea, na mmoja akaninong'oneza, "Anguka, wewe, magoti yananiuma." Mwana wa mwenye duka alikuwa anatokwa machozi ya hasira. Makofi yakakatika, vikaja vicheko, kisha ukimya, kisha kengele ya kumaliza muda ikalia na mimi bado nimesimama.

Nje, nyuma ya matangi ya maji, Bondia alinishika kidevu akaugeuza uso wangu kwenye mwanga. Alipapasa pale kwa kidole gumba kama wanavyofanya wale wanaomtazama mpiganaji kati ya raundi, akavigusa pia viwiko vyangu, ambavyo vilikuwa vimeanza kuvimba.

"Hakuna damu," akasema.

"Umekasirika?"

"Mimi singeweza," akasema, akaniachia kidevu.

Hakuna aliyenichapa kwa ajili ya siku ile. Afadhali wangenichapa. Mwalimu aliacha kuniona. Watoto waliacha hata kunirushia vitu. Nyanya alirudi kwenye ukuta wa kushoto bila kusema lolote. Na mwenye duka, ambaye mwanawe alikuwa amechekwa mbele ya Machakos nzima, aliwaambia watu kwamba ni Bondia aliyemfundisha msichana kupigana ili kuharibia watoto wa wenyewe. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza tu, kwamba mwanamume asiye na mke ana shughuli gani na mtoto wa kike kila Jumamosi.

Swali hilo lilitosha. Hakuna kikao kilichoitwa, hakuna aliyekwenda kumtukana. Mahindi yaliacha tu kwenda ng'ambo ya korongo. Wiki ya kwanza alikuwa na madebe mawili, wiki iliyofuata moja, kisha mchi wake ukanyamaza. Nyanya, ambaye alimjua tangu utotoni na kujua kwamba maneno yale ni ya uongo, alitwanga mwenyewe kwa bega lake bovu, akikunja uso kila aliposhusha mchi. Nilimuuliza kwa nini. "Sitaki maneno katika boma langu," akasema. Nilimpelekea Bondia nilichoweza kuficha kwenye sketi, kiazi, parachichi, ndizi mbili. Alikonda. Kabla ya mavuno mengine mwenye duka akaleta mashine ya kukoboa, na ndipo nikaelewa kwamba hata wangetaka kumsamehe hawakuwa wakimhitaji tena.

Mpwa wake alikuja kumchukua na pikapu kutoka Athi River. Bondia aliniambia nisivuke siku hiyo, watasema. Kwa hiyo nilisimama upande wetu na kumwona akipandisha godoro na mkoba. Kinu kilikuwa kizito mno wakakiacha, na msimu wa baridi watu walikipasua kuni. Huko Athi River Bondia alikuwa mlinzi wa yadi kwa miaka mingi, kisha akawa mzee wa kukaa kwenye kigoda nje ya chumba cha mpwa. Nilipopata kazi ya kushona nguo EPZ, kwenye viwanda vya huko huko, nilimtafuta, na Jumapili nyingi tulikunywa chai pamoja, mpaka alipoanza kusahau majina, langu likiwemo. Hatukuwahi kuzungumza juu ya Kathiani. Siku hizi ukipita kule kwetu hutasikia mchi hata mmoja, wala kinu sijakiona boma lolote, na wasichana wa sasa hawajui kwamba watu wawili wanaweza kutwanga pamoja bila kugongana.

Ningekuwa nimezoea hayo yote. Lakini kuna mengine.

Mwaka uliofuata yule mwalimu aliurudisha mchezo ule ule. Kulikuwa na msichana mgeni aliyehamia kutoka Yatta, mdogo kwangu kwa darasa moja. Stovu ilikuwa imemlipukia, na shingo yake na shavu vilikuwa vimeungua na kuvutana mpaka kichwa kilikaa upande. Mwalimu alimchagua siku ya kwanza. Nilimkuta kwenye mfereji akiosha bakuli lake, nikamwambia akatae. Nikamwambia watampiga kweli, na mwalimu atamnunulia soda. Nikamwambia kama hawezi kukataa, basi aje kwetu Jumamosi nimfundishe namna ya kuanguka ili asiumie.

Alinitazama kutoka chini, kwa sababu shingo yake haikumruhusu kuinua kichwa vizuri.

"Mwalimu alisema utakuja," akasema. "Alisema uko na wivu."

Akakung'uta maji kwenye bakuli. Wenzake walikuwa wanamwita uwanjani, wanamwita kwa lile jina, Eimu, Eimu, kuja tuanze, naye akaitika na kwenda mbio.